Bendera Isiyo na Mkono

Mtaa ule ulikuwa na kelele za kumtoa nyoka pangoni. Kutwa magari yanapita, kutwa honi, kana kwamba kila dereva aliachiwa barabara ile urithi na baba yake. Ukitaka kumwita mtu aliye ng'ambo, unapiga ukelele mpaka mishipa ya shingo inakutoka, na bado atakuuliza, "Unasemaje?" Ndiyo maana Mama Cherehani na Gadi walikuwa wakizungumza kwa vitambaa.

Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo, mjane, mwenye chumba kimoja ghorofani juu ya duka la kinyozi. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha tangu enzi zile alipokuwa akishona sare za watoto wa mtaa mzima. Siku hizi kazi yake ilikuwa kubadilisha zipu na kupunguza suruali, lakini cherehani hakuihamisha. Dirisha lenyewe halikuwa la kioo. Lilikuwa la mbao, mabawa mawili na komeo la chuma: ukilifungua unapata mwanga na barabara yote, ukilifunga unapata giza. Katikati hapana.

Ng'ambo, ghorofani vilevile, dirisha likitazamana na dirisha, alikaa Gadi. Maisha yake yote alikuwa gadi wa treni, yule mtu wa behewa la mwisho anayepiga filimbi na kupunga bendera. Mke alikuwa amemfia, masikio yameliwa na kelele za vyuma, magoti yameliwa na uzee, na kiburi hakikuliwa na kitu. Simu kwake ilikuwa pambo. Ukimpigia, anakushukuru kwa lolote ulilosema, kisha anakata.

Alipohamia mtaani alipanda kwa Mama Cherehani na koti lake la reli, akitaka vifungo. Mfukoni mwa koti mama akakuta bendera mbili, moja nyekundu na moja kijani, zimepauka mpaka ukitaka kujua ipi ni ipi uulize. Akamshonea mpya kwa mabaki ya vitambaa vyake. Gadi akakaa kitini kusubiri, akammwagia sheria za reli moja baada ya nyingine, na mama akawa anaitikia "ehe, ehe," huku akisikiliza nusu, maana alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na macho yake siku hizo yalishaanza utundu. Moja aliishika vizuri: treni haiondoki kituoni mpaka gadi anyooshe kijani. Dereva awe na haraka gani, abiria wapige kelele gani, gadi hajanyoosha, hakuna safari. Ile ilimfurahisha, akajishonea na yeye bendera zake.

Baadaye maradhi yakawakalia wote wawili. Moyo wa mama ukachoka, miguu ikawa inavimba jioni, ngazi za nyumba ile zikageuka mlima. Gadi naye, kwa magoti yale na kifua kile, akawa hashuki ila kwa shida. Basi zikabaki bendera. Asubuhi kijani kikipungwa taratibu, maana yake nimeamka salama. Nyekundu, maana yake naumwa, tuma mtu. Jioni walinyoosheana kijani, kikashikiliwa juu kimya kwa muda, kuiruhusu siku iondoke. Hakuna siku iliyoondoka bila idhini yao.

"Uchumba wa vitambaa huo!" kinyozi alikuwa akimtania mama kila alipompandishia mkate na maji. "Mimi nikimpenda mtu namtumia vocha. Nyinyi mnatumiana matambara."

"Wewe nyoa vichwa vya watu," mama alimjibu, "vyetu tuachie wenyewe."

Alicheka, lakini tuseme lililo kweli. Ukimtoa kinyozi na wateja wawili watatu wa zipu, hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kama Mama Cherehani ameamka. Binti yake alikuwa mji wa mbali, anampenda mama yake na simu anapiga, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu aliyemwona kwa macho kila kukicha alikuwa Gadi peke yake.

Kisha daraja la barabara kuu likapata ufa, wakubwa wakalifunga litengenezwe, na malori yote yakageuziwa mtaani kwao. Malori gani hayo, jamani! Ya kokoto, ya saruji, ya magogo, mengine mazee kuliko madereva wake, yakipanda kile kilima kidogo kwa gia ya kwanza na kutapika moshi mweusi usio na haya. Moshi ulipanda ghorofani bila hodi. Mama akifuta cherehani asubuhi, adhuhuri anaandika jina lake juu yake kwa kidole. Shati jeupe la mteja lilishinda limetundikwa kutwa moja tu, likabidi lifuliwe kabla ya kukabidhiwa.

Na mama mwenyewe akaanza kwenda mrama. Akilala chali anahisi kama amekaliwa kifuani, akawa analala ameegemea mito, karibu ameketi. Akitoka kitandani kwenda kwenye jiko, anasimama njiani kuomba pumzi. Mwisho kinyozi akafunga duka, akaita teksi, wakaenda kliniki.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye tabia ya kumtazama mtu usoni badala ya kutazama makaratasi. Akampima presha, akapima tena.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza."

"Chumvi je?"

"Chumvi tuliagana zamani."

"Sasa mbona presha imepanda hivi? Unakaa wapi, mama?"

Mama akamweleza: dirisha, kilima, malori. Daktari akaweka kalamu chini.

"Moshi wa magari una vumbi jembamba kuliko unga uliochekechwa," alisema. "Pua haiwezi kulizuia. Linashuka mapafuni, linapenya mpaka kwenye damu. Huko mishipa inavimba, inabana, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kijana mzima anaweza asihisi kitu. Lakini mtu wa umri wako, mwenye presha, na moyo uliokwisha kuchoka, siku ya moshi mzito anaweza kuanguka ghafla."

"Mimi nilijua moshi ni maneno ya kifua tu, mwanangu."

"Wengi wanajua hivyo. Unaanzia kifuani, unamalizia moyoni. Nakuomba dirisha la barabarani ulifunge, lisifunguliwe kabisa mpaka malori yarudi kwao. Nyuma hakuna dirisha?"

"Kipo kidirisha cha uani."

"Basi hewa yako iwe ya huko."

Mama akakunja na kukunjua pindo la mtandio wake. "Dirishani kwangu nina mtu, daktari," alisema mwishowe. "Hasikii simu."

Daktari hakucheka, na mama alimshukuru kwa hilo. "Tafuteni njia nyingine," alisema. "Tafadhali, mama. Hili si la kesho."

Njia nyingine mama aliipata ndani ya teksi, akajisifu moyoni kwa akili nyingi. Alipofika tu alichukua bendera yake ya kijani, akaitundika nje, kwenye msumari ulio juu ya bawa la dirisha. Kijani si salama? Basi salama ikae hapo, mchana na usiku, dirisha lifungwe. Gadi alikuwa dirishani kwake, anatazama. Mama akamwonyesha kitambaa, akajionyesha kifua, akakohoa kwa vitendo, akafunga bawa moja kama mfano. Gadi akaanza kupunga nyekundu. Aliipunga kwa nguvu, mkono wote, mpaka koti likamvuka bega.

"Mbishi huyu!" mama akasema. "Hataki hata nipone." Akafikiri Gadi anayakasirikia malori, au anamkasirikia yeye kwa kuufunga mlango wa mazungumzo yao. Akampungia mkono, akafunga bawa la pili, akashusha komeo.

Nyufa nazo hakuziacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye aliziba kwelikweli, kwa mabaki ya vitambaa yaliyosukumwa kwa ncha ya mkasi, mpaka hata uzi wa mwanga haukupita.

Ikawa taa inawaka mchana. Kwa haki ya Mungu, nafuu aliipata. Hakuipata siku ya kwanza wala ya pili, lakini polepole miguu ikapungua uvimbe, na ule mzigo wa kifuani ukawa mwepesi, akarudi kulalia mto mmoja. Binti yake alipopiga simu alifurahi mpaka akataka kulia. "Usilifungue, mama," alisema. "Hata kwa dakika moja."

"Silifungui."

"Unaniapia?"

"Ah, wewe! Nikuapie wewe niliyekuzaa?"

Lakini upweke nao ni maradhi, tena hauna kliniki. Asubuhi, saa ya bendera, miguu ilimpeleka dirishani yenyewe. Akasimama mbele ya mbao zile, kiganja juu yake, akihisi jinsi zinavyotetemeka lori likipita. "Nimeamka salama," aliziambia mbao. Jioni alirudi tena, akainua mkono mtupu kwenye chumba chenye balbu moja, kisha akaona aibu akaushusha. Alishona asichoombwa kushona. Alizungumza na cherehani, akaiuliza kama imekula. Alijaribu kumwaza Gadi ng'ambo kule, ametulia, anaona kijani, anajua mambo ni mazuri, labda naye amefunga dirisha lake akapumzika. Wazo lile alilikumbatia kama chupa ya maji moto. Angalau mmoja wetu hana wasiwasi, alijiambia.

Asubuhi moja kinyozi akaingia bila kubisha, mashine ya kunyolea bado ipo mkononi.

"Mama, Gadi kaanguka."

"Kaanguka wapi?"

"Dirishani. Mimi namnyoa mtu, namwona pale juu amekaa kama kawaida, nikiinua macho tena naona kiti tu. Tumepanda, tumemlaza kitandani. Anapumua, lakini rangi yake mbaya. Mwanawe tumempigia, anakuja na gari ampeleke hospitali."

"Alikuwa anafanya nini dirishani na moshi huu?"

Kinyozi akatazama chini. "Si ndiyo kazi yake. Tangu ufunge, hatoki pale. Asubuhi mpaka giza. Hata chakula anakula palepale."

"Kwa nini?"

"Anakungoja wewe. Juzi aliniita, akaniuliza kama u mzima. Nikamwambia mzima. Akasema, umemwona leo? Nikasema leo bado. Akasema basi hujui. Nilidhani ni utani wenu, mama. Uchumba wenu ule. Sikuona haja ya kukusumbua."

Mama Cherehani alisimama. Akachukua bendera nyekundu iliyokuwa kwenye droo ya cherehani.

"Nishushe," alisema.

"Mama, ngazi zile..."

"Nishushe au nijishushe."

Wakashuka. Kinyozi alitangulia na kigoda cha wateja wake, kila wanapofika kwenye kona anakiweka, mama anakaa, anavuta pumzi, wanaendelea. Kilikuwa kichekesho cha kutazama, na wala hapakuwa na aliyecheka. Mlangoni moshi ulimpokea kama mwenyeji mbaya. Akajifunika mtandio puani. Malori yalikuwa yamefuatana bila nafasi, na kinyozi akabaki ananyanyua mkono bila kujaliwa na mtu. Mama akanyoosha nyekundu. Akashuka barabarani nayo, mkono umenyooka kama alivyofundishwa.

Lori la kokoto likasimama likipiga makelele ya breki. Dereva akatoa kichwa. "Bibi! Hii ni barabara, siyo reli!"

"Na wewe ni dereva, siyo mwendawazimu," mama akamjibu. "Subiri."

Akasubiri. Mama akavuka kwa mwendo wake mwenyewe, hatua baada ya hatua, na nyuma ya lori lile mtaa mzima ukapiga honi.

Chumba cha Gadi kilikuwa kisafi, cha mtu aliyezoea kukaa kwenye behewa: kila kitu na msumari wake. Mwenyewe alikuwa kitandani amevaa koti la reli, midomo imekuwa ya majivu, kifua kinapanda na kushuka kwa haraka. Mama alikaa kando yake mpaka akapata pumzi ya kusema, kisha akainama sikioni.

"Unafanya nini, mzee wewe?"

Gadi akafumbua macho. Akamtazama uso, kisha akautafuta mkono wake juu ya shuka, akaushika, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua tiketi.

"Kumbe upo," alisema.

"Nipo. Si nilikutundikia kijani?"

"Nilikwambia siku ile ya koti." Alikuwa anasema kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. "Bendera isiyo na mkono si bendera. Ukikuta imetundikwa, mwenyewe hayupo, jua kuna hatari. Gadi kaanguka njiani. Unasimamisha treni, unangoja mpaka umwone mtu."

Hapo mama aliikumbuka. Siku ile, sindano mkononi, ehe, ehe. Sheria ile ilipita sikioni mwake kama upepo, na yeye anahangaika na tundu la sindano.

"Nikawa nangoja," Gadi alisema. "Nipo zamu."

"Lakini si unaona ni kijani! Kijani ni salama!"

"Kijani kipi?" Gadi akauliza. Hakuwa na ubishi wowote sautini. "Pale kuna tambara jeusi."

Mama aliinuka, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha dirishani. Kilikuwa na mto uliobonyea umbo la mtu. Kizingiti cha dirisha kilikuwa cheusi kwa masizi, isipokuwa sehemu mbili ambapo viwiko viliegemea kwa siku zote hizo, zimesuguliwa zikang'aa. Akatazama ng'ambo. Hakuwahi kuliona dirisha lake kutoka upande ule. Lilikuwa dogo, limefungwa, limepigwa weusi, na juu ya bawa moja kilining'inia kitu ambacho ungekipita bila kukitazama mara mbili. Hakikuwa kijani. Hakikuwa na rangi. Malori yalishakipaka masizi mpaka yakakimaliza, na yeye ndani, kwenye balbu yake, alikuwa anajipongeza kwamba anamtuliza mwenzake.

"Ee Mungu wangu," alisema. Akalia pale pale kitini, kwa sauti, bila kujificha, na kinyozi akatoka nje akasimama ngazini.

Mwana wa Gadi akafika, akambeba baba yake mgongoni kama mtoto, wakaenda hospitali. Moyo, walisema huko. Moyo uliokuwa na ufa wake tangu zamani, na moshi wa siku zote zile ukaja ukautia kabari. Wakamtibu, akapona kiasi cha kupona, wakaonya kwamba akirudi kuishi juu ya barabara ile na kuanguka tena, wasije wakashangaa.

Siku moja mchana mwana akapanda kwa Mama Cherehani. Alikuwa mtu mzima, mrefu kama baba yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama aliyekuja kuposa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Yuko ng'ambo hapo. Nimemrudisha tufungashe vitu vyake. Mimi nakaa mbali, kule milimani kwenye miti, hewa yake ukiivuta unasikia baridi mpaka tumboni. Chumba chake kipo tayari. Lakini amekataa." Akasugua magoti kwa viganja. "Nimembembeleza, nimemgombeza, mke wangu kampigia magoti. Anasema treni haiondoki bila kijani cha gadi. Namuuliza, gadi si wewe? Anasema, mimi siku hizi ni abiria. Kamuulize gadi."

Mama Cherehani alitazama dirisha lake lililofungwa.

"Kesho asubuhi gari liko hapa," mwana alisema. "Ukimwonyesha nyekundu, atabaki. Namjua. Na akibaki, mama, wewe unajua."

"Huko milimani," mama aliuliza, "simu atasikia?"

"Tutajaribu, mama."

"Hatasikia," mama alisema.

Alipoondoka, mama alibaki na mambo yake. Tusidanganyane: alitaka abaki. Alitaka kwa moyo wake wote mgonjwa. Daraja lingemalizika siku moja, malori yangerudi kwao, dirisha lingefunguliwa, na wao wangekuwa pale kama zamani. Si mzee wake huyo? Nani mwingine angemjua kama ameamka? Kwa binti yake hapakuwa na pa kwenda: naye alikaa ghorofa ya juu kabisa, kwenye mtaa wenye moshi kuliko huu. Aliifungua droo, akaitoa nyekundu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani, tayari.

Kisha akafungua dirisha kidogo, akanyoosha mkono, akalitoa lile tambara msumarini. Akalitia kwenye beseni na sabuni. Maji yakawa meusi palepale, meusi ya wino. Akayamwaga, akatia mengine, akasugua. Yakawa meusi. Akamwaga. Alisugua mpaka mikono ikamuuma, na kitambaa hakikurudi rangi yake, kilibaki na uchafu wa kijivu uliokwisha kuingia ndani ya nyuzi, hauna njia ya kutoka. Kitambaa hiki kilikaa nje majuma machache tu. Gadi alikuwa amekaa dirishani pale miaka.

Mama akakaa juu ya kitanda, mikono inatiririka maji, akakiangalia kile kitambaa kwa muda mrefu. Halafu akairudisha nyekundu kwenye droo.

Alikuwa na kipande kipya cha kijani, kilichobaki kwenye gauni la mteja. Akakipima, akakikata, akakipiga pindo mara mbili kuzunguka pande zote, maana Gadi hakupenda bendera inayochanika nyuzi. Alishona polepole, mshono ulionyooka, na kila akimaliza upande mmoja alisimama kufuta macho asije akaharibu.

Asubuhi, saa ya moshi mkubwa, alivuta vitambaa vyote kutoka kwenye nyufa, akainua komeo, akafungua mabawa yote mawili. Mwanga ulimpiga usoni, na moshi nyuma yake. Chini ng'ambo gari lilikuwa limesimama, mlango wazi, na Gadi kando yake kwenye koti na kofia ya reli, vifungo vyote vimefungwa. Mwana alikuwa amemshika kiwiko. Gadi hakuwa akitazama gari. Alikuwa ameinua kichwa, anangoja.

Mama akautoa mkono nje. Akaunyoosha juu, kijani kipya kikafunguka, akaushikilia kimya, kama ilivyopasa. Mkono ulionekana wote, mpaka begani. Alihakikisha.

Gadi hakukitazama kitambaa. Aliutazama mkono. Aliutazama mpaka mwanawe akamgusa bega, ndipo akapeleka vidole kwenye ukingo wa kofia yake, akainama, akaingia garini.

Lori la saruji likapita katikati, refu, linanguruma, likauficha mtaa wote kwa moshi wake. Lilipokwisha pita, gari halikuwapo.

Mama Cherehani aliendelea kunyoosha mkono kwa muda, labda gari lilikuwa limesimama kwenye kona, labda alikuwa bado anatazama nyuma. Kifua kikaanza kumbana. Akauingiza mkono, akaikunja bendera, akafunga bawa la kwanza, akafunga la pili, akashusha komeo. Agizo la daktari lilikuwa jepesi sasa kulifuata. Ng'ambo hapakuwa na mtu wa kumfungulia.